Likizo ya baharini, Unguja au Mtwara na Lindi? Mwongozo kamili wa kuchagua kwa mwezi, upepo na maji

Likizo zikikaribia swali ni lile lile, twende Unguja au tushuke kusini, na watu wanaanza kubishana bichi ipi ni kali, picha zinarushwa kwenye magrupu, halafu mtu anabuki chumba mwezi wa nne na watoto wanashinda ndani wanaangalia mvua dirishani. Mimi ni mtu wa Mtwara, naipenda pwani hii kutoka moyoni, ila siwezi kukuambia huku ni bora mwaka mzima maana si kweli. Wala Unguja si bora mwaka mzima. Kalenda za mvua za pwani hizi mbili zinapishana, na ukishajua zinapishana miezi gani basi zaidi ya nusu ya uamuzi umeshafanyika wenyewe. Kwa hiyo huu mwongozo unakwenda kwa mpangilio huu: mwezi kwanza, upepo wa pili, maji ya tatu, bichi mwisho. Wengi wanaanza na bichi ndiyo maana wanaumia.

Hatua ya 1: Jua unalinganisha nini na nini

Fungua ramani. Mji wa Unguja uko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, Lindi na Mtwara ziko nyuzi 10. Nyuzi nne tu, watu wanaona si kitu, lakini ndizo zinazobadilisha mvua yote kama utakavyoona hapo chini.

Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, kimelala chini, sehemu yake ya juu kabisa ni mita 120 hivi. Magharibi kuna udongo mzito ndiko yaliko mashamba ya viungo, mashariki na kusini ni uwanda, mawe matupu na vichaka. Hakina mto mkubwa hata mmoja. Hilo la mto lishike, maana ndilo linalofanya maji ya Unguja yabaki meupe hata baada ya mvua, hakuna kitu cha kumwaga tope baharini.

Kusini ni bara, na bara lina mito. Ruvuma mpakani na Msumbiji, Lukuledi unaoingia kwenye ghuba la Lindi, Mbwemkuru, Matandu kule Kilwa. Mvua ikinyesha huko juu mito inashuka na tope lake na maji ya karibu na midomo yanakuwa ya kahawia. Ila hiyo mito na maghuba yake ndiyo imetupa mikoko, kamba na bandari za asili. Ghuba la Mtwara lina kina kirefu kiasi kwamba Waingereza walijenga bandari pale wakati wa ule mradi wao wa karanga, na Mikindani ilikuwa bandari ya majahazi karne nyingi kabla ya hapo, David Livingstone mwaka 1866 alianzia pale safari yake ya mwisho kwenda bara.

Kitu kingine ambacho kisiwa hakiwezi kukupa: nyuma ya pwani yetu kuna milima. Unatoka baharini Mtwara asubuhi, unapanda uwanda wa juu wa Makonde, jioni uko Newala kwenye baridi, umesimama Shimo la Mungu unaangalia bonde la Ruvuma chini. Kama familia yako ina watu wasiopenda bahari siku zote hilo lina uzito.

Hatua ya 2: Anza na mwezi wako wa likizo

Hapa ndipo pa kukaa sana.

Mvua zetu zinafuata jua. Jua likienda kusini mwisho wa mwaka ukanda wa mvua unalifuata, likirudi kaskazini kuanzia mwezi wa tatu ukanda nao unarudi. Unguja ipo njiani, kwa hiyo inapitiwa mara mbili, ukienda inanyesha vuli ya Oktoba hadi Desemba, ukirudi inanyesha masika ya Machi hadi Mei, na masika ndiyo nzito. Katikati, Januari na Februari, kisiwa kinapumua. Sisi kusini tuko karibu na mahali ukanda unapogeuzia, kwa hiyo kwenda na kurudi kunaungana, tunapata msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba mwishoni au Desemba hadi Aprili. Mamlaka ya Hali ya Hewa ndiyo maana wana utabiri wa vuli na masika kwa pwani ya kaskazini na visiwani, na utabiri wa mvua za msimu kwa mikoa kama Lindi na Mtwara. Kwa jumla ya mwaka Unguja inapata nyingi zaidi, wastani kama milimita 1,600, Mtwara ni kama 1,000 hivi.

Sasa chukua mwezi wako uupitishe hapa.

Januari na Februari: nenda Unguja. Kuna joto kweli kweli ila mvua ni chache. Kusini huo ndio wakati shamba linalimwa, mvua zinapiga, barabara za vumbi za kwenda kwenye bichi nyingine zinageuka tope. Wadau wa Mtwara mtanisamehe lakini mgeni wa bichi tusimwite Januari.

Machi, Aprili na mwanzo wa Mei: kama unaweza kuahirisha, ahirisha, pande zote mbili. Unguja ni masika, kusini mvua zinamalizia. Halafu kuna jambo ambalo watu wa pwani tunalisahau kwa sababu halitokei kila mwaka, vimbunga. Madagascar imekaa kama ukuta mbele yetu inapokea vingi, ila ncha yake ya kaskazini iko nyuzi 12, na kikipita juu ya hapo hakuna wa kukizuia. Unguja kilipiga Aprili 1872. Lindi kilipiga Aprili 1952. Kenneth kilitutisha Mtwara Aprili 2019 kikaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na Hidaya kiliingia Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga. Angalia hiyo miezi mwenyewe.

Mwisho wa Mei hadi Agosti: kote kukavu, kote kuna ubaridi, ila kusini usiku unashuka zaidi, Julai Mtwara inaweza kwenda nyuzi 19 au 20 alfajiri, mtoto mchanga anahitaji sweta. Unguja haishuki sana hivyo kwa sababu imezungukwa na maji ya vuguvugu. Wakati huu uamuzi wako utatoka kwenye upepo, soma hatua ya 3.

Septemba na Oktoba mpaka karibu katikati ya Novemba: njoo kusini, tena njoo bila kujiuliza. Upepo umelegea, maji yameanza kupata joto, mito imepungua kwa hiyo maji ni meupe, na Unguja vuli inaanza kunyemelea wakati huku hakuna hata wingu. Nyangumi wanapita Agosti hadi Oktoba, wanatoka kwenye baridi ya kusini kuja kuzaa, na Mtwara ni moja ya sehemu nzuri za Tanzania kuwaona. Angalizo moja tu, Oktoba ndiyo minada ya korosho inaanza, pesa inaingia mtaani, wanunuzi na wasafirishaji wanajaa, gesti za Masasi, Tandahimba na hata Mtwara mjini zinakuwa ngumu kupata, kwa hiyo piga simu mapema. Na jua la katikati ya Oktoba huku linakuwa utosini kabisa, kivuli chako kinakuwa chini ya miguu yako, usilidharau.

Desemba: ni bahati nasibu. Unguja vuli inamalizia na wageni ni wengi na bei zimepanda, kusini mvua zinaanza. Mimi kwa familia yenye bajeti ndogo naona wiki mbili za kwanza za Desemba kusini bado ni salama kiasi, mvua inakuja jioni inapita, embe zimeiva.

Hatua ya 3: Uliza upepo unatoka wapi

Kusi linavuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba, linatoka kusini-mashariki, lina nguvu hasa Juni na Julai. Kaskazi linavuma Desemba hadi Machi, jepesi na la joto. Katikati yake kuna tanga mbili, upepo hauna msimamo na bahari inatulia, ndio wakati wavuvi wanafurahi na wapiga mbizi nao.

Kwa Unguja kanuni ni nyepesi: kusi likivuma pwani ya mashariki inapigwa, Paje, Jambiani, Bwejuu zinakuwa na upepo siku nzima na majani ya bahari yanatupwa ufukweni. Kama umeenda kurukia tiara za maji hiyo ndiyo raha yako, wanakuja watu kutoka mbali kwa ajili ya upepo huo huo wa Paje. Kama umeenda kuogelea na watoto basi hamia magharibi na kaskazini-magharibi, Kendwa kunakuwa kumetulia. Kaskazi likivuma geuza, Matemwe na Kiwengwa zinapata mawimbi zaidi na Kendwa bado iko salama kwa sababu inatazama magharibi.

Kusini hatuna upande wa pili wa kisiwa wa kukimbilia, ila tuna maghuba. Ghuba la Mikindani limeingia ndani ya nchi, mlango wake mwembamba, nje kusi linaweza kuwa linavuruga bahari na ndani mtoto anaogelea. Lindi vilevile, mji umekaa ndani ya ghuba na vilima pembeni. Kwa hiyo ukija Julai ogelea ghubani, usilazimishe bahari ya wazi.

Na hilo la bahari ya wazi nalisema kwa kumaanisha. Mkondo mkubwa unaovuka bahari ya Hindi kutoka mashariki unakuja kugonga bara karibu na hapa kwetu, Mtwara na Cabo Delgado, unagawanyika, mmoja unapanda kaskazini kuelekea Dar es Salaam na Kenya, mwingine unashuka Msumbiji. Maji ya nje ya huku yana nguvu. Ukitoka na boti toka na nahodha wa pale pale anayejua milango, na vaa jaketi la kuokolea hata kama yeye havai.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya maji kwa mwezi mwandamo

Hii ndiyo wageni wengi hawaijui kabisa, na ni rahisi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani yetu inafika kama mita nne wakati wa bamvu, yaani siku ambazo maji yanajaa sana na kupwa sana, na saa zake Unguja na Mtwara zinakaribiana sana kwa hiyo hesabu ni moja.

Siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu ni bamvu. Maji yanajaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, yanakupwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Ukifika mwezi 8 au mwezi 22, yaani siku ya 8 au ya 22 tangu mwezi uandame, umeingia maji mafu, saa zimegeuka, asubuhi ya saa 3 au saa 4 maji yamejaa na alasiri yamekupwa, ila hayaendi mbali. Basi hapo una ratiba yako yote, angalia tu kalenda ya Kiislamu ukutani au mwulize mtu yeyote anayefuatilia mwezi.

Matumizi yake: Paje na Jambiani maji ya bamvu yakikupwa yanaondoka kilomita nzima, unaamka saa 4 asubuhi bahari haipo, kuna mchanga na mashamba ya mwani na akina mama wanavuna. Kupendeza kunapendeza ila kama ulitaka kuogelea asubuhi umekosa. Kwa hiyo kwa pwani ya mashariki ya Unguja panga likizo yako iangukie maji mafu, au kubali kuogelea alasiri. Nungwi na Kendwa hazisumbui hivyo, maji yapo muda wote.

Kusini bamvu usilikimbie, litafute. Nenda Shangani pale Mtwara mjini siku ya mwezi mosi au mwezi pili, saa 3 na nusu asubuhi, utakuta mwamba wote uko wazi na akina mama wameingia na vyuma vyao vya kuchokolea pweza. Mwombe mmoja akuelekeze kwa adabu, salamu kwanza. Atakuonyesha shimo ambalo wewe ungepita juu yake: dogo tu, ila mdomoni pamepangwa vijiwe na vipande vya magamba ya kaa, na yale magamba bado meupe, hayajaota ukungu. Hayo ni mabaki ya chakula cha jana usiku, mwenyewe yumo ndani. Magamba yakiwa yamechakaa na kuota kijani, nyumba ni tupu, anapita. Chuma kinaingia taratibu, maji yanageuka meusi, mkono unazama hadi kiwiko. Pweza huyo unaweza kumnunua pale pale. Vaa viatu vigumu maana kuna urojorojo wa majani na kuna viumbe vyenye miiba, na maji yakianza kurudi toka mapema, yanarudi haraka kuliko unavyodhani na yanazunguka nyuma yako kwanza.

Hatua ya 5: Sasa ndio chagua bichi

Kwa kusini mimi namwambia mtu hivi. Kama una siku moja tu na huna gari, vuka Msangamkuu kwa kivuko kutoka Mtwara, mchanga mpana, watu wachache katikati ya wiki, wikiendi vijana wanajaa na muziki. Kama unapenda historia lala Mikindani, ni kama kilomita 10 tu kutoka mjini, boma la Wajerumani la 1895 bado limesimama na nyumba za mawe za zamani zipo, nyingine zimechoka sana na inaniuma kuziona zinaanguka wakati watu wanapita kwenda mbali kutafuta mji mkongwe.

Msimbati ndiyo yenyewe. Iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna kiingilio, ulizia utaratibu wa malipo mjini kabla hujaondoka. Mchanga unakwenda mpaka macho yanachoka, na kuelekea Ruvula matumbawe yako karibu na nchi kavu, miwani ya maji inatosha huhitaji boti. Kina kinashuka ghafla, wasioogelea wakae karibu. Gesi asilia inachimbwa hapo hapo jirani, mitambo utaiona njiani.

Lindi mjini kuogelea ni kwa kiangazi, Juni hadi Novemba, maana wakati wa mvua Lukuledi unaleta tope. Uzuri wa Lindi ni ghuba lenyewe na jioni zake, vuka kwenda Kitunda halafu uuangalie mji kutoka ng'ambo. Na kama una siku za kutosha panda hadi Kilwa Masoko uvuke Kilwa Kisiwani, msikiti mkuu na Husuni Kubwa, urithi wa dunia tangu 1981. Kibali cha kuvuka unakatia pale Masoko, usiende moja kwa moja kwa mwenye boti.

Unguja kwa ufupi: watoto wadogo Kendwa na Nungwi, upepo Paje, utulivu Matemwe au Makunduchi, mji na chakula Forodhani. Wengi wanaijua, sina haja ya kurefusha.

Hatua ya 6: Pima njia kabla ya kulipa

Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560, lami, basi linaondoka alfajiri na unafika jioni mapema kama hakuna shida, Lindi unashuka kama kilomita 110 kabla. Tangu daraja la Mkapa pale Rufiji lifunguliwe 2003 hakuna tena kusubiri kivuko, ila miezi ya mvua kubwa bado uliza hali ya barabara kabla hujakata tiketi. Ndege ni saa moja hivi. Unguja ni mwendo wa saa mbili hivi kwa boti kutoka Dar, na wakati wa kusi boti ya asubuhi ni bora kuliko ya alasiri maana upepo unaongezeka jua likipanda, kaa nyuma na chini, kula kitu kikavu kidogo.

Kwa sisi tunaotoka Mtwara au Lindi kwenda Unguja hesabu nauli za basi, usiku mmoja Dar, na boti kwa kila kichwa. Familia ya watu watano kwa hela hiyo inakaa Mikindani siku kadhaa na inakula samaki kila siku, ndiyo maana nasema kama mwezi wako ni Septemba au Oktoba hakuna sababu ya kupanda boti.

Hatua ya 7: Vya kubeba

Chandarua au hakikisha gesti ina kizima, Unguja malaria imeshuka sana lakini Lindi na Mtwara bado ipo, hasa mvua zikiisha. Viatu vya mwambani, kofia pana, losheni ya jua kwa wanaoungua, sweta kwa Juni hadi Agosti. Hela taslimu kwa Msimbati na Kisiwani maana mtandao unaweza kugoma na wakala yuko mbali. Maji ya kunywa beba kutoka mjini. Njiani kununua ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha na chumvi na pilipili ni lazima kwa mgeni. Kanga mbili zaidi kwa wanawake, Unguja na vijiji vyetu vyote ni vya watu wa dini, nguo ya kuogelea inaishia ufukweni. Na siku moja kabla ya kupanda boti yoyote, kusini au Unguja, angalia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa kasi ya upepo na urefu wa mawimbi, wakisema mawimbi yanapita mita mbili basi siku hiyo kaa ghubani.